Usiulize "Unaionaje?"

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimaliza kuchora picha naipiga kwa simu, naiweka kwenye status ya WhatsApp na Instagram, kisha nasubiri. Majibu yalikuwa yale yale: "kali sana", "moto", "hongera". Yalinitia moyo, na msanii anahitaji moyo, lakini sikujifunza kitu.

Mwaka jana nilichora mvuta mkokoteni akishuka mteremko na magunia ya viazi. Kabla sijamaliza, nilibeba turubai hadi soko la Gikomba, Nairobi, nikaiegemeza ukutani karibu na wavutaji waliokuwa wakipumzika. Mzee mmoja akaitazama kwa muda.

"Kijana, huyu anapanda ama anashuka?"

"Anashuka, mzee."

"Basi mzigo utamuua."

Akainuka akanionyesha. Ukishuka huinami mbele. Unainua mikono ya mkokoteni, unaegemea nyuma, na kile kipande cha tairi kilichofungwa nyuma kinakwaruza lami. Hiyo ndiyo breki. Nilirudi nyumbani nikapaka nyeupe juu ya mabega, miguu na nusu ya mkokoteni, nikaanza tena.

Kwa hivyo ndugu msanii, peleka kazi ikiwa bado mbichi, kwa mtu anayeishi kile ulichochora. Ikishatiwa fremu, watu huona haya kukukosoa. Uliza swali moja dogo: jicho lako limeanzia wapi? Huyu mtu anafanya nini? Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, mimi bado kunanishinda siku nyingine. Ukianza kueleza, mtu atakubaliana na maelezo yako badala ya picha.

Kwa mambo ya mwanga na uwiano, watafute wasanii wenzako. Kuona Trust, kituo cha wasanii, ilipoanza 1995, wasanii walifanya kazi pamoja pale makumbusho ya Nairobi. GoDown, kituo kingine cha sanaa, ikafuata 2003 kule Industrial Area. Leo studio za pamoja zipo hata Buruburu. Ingia, salimia, tazama kazi za wengine kwanza.

Na ukitaka kuiweka kazi mtandaoni, ipige picha mlangoni kwa mwanga wa mchana. Balbu ilinifanya nikosolewe kwa umanjano ambao sikuupaka.

Nilipomaliza ile picha ya mkokoteni, nilirudi Gikomba. Mzee aliupita uso, akayapita magunia, akaweka kidole kwenye tairi. Kisha akawaita wenzake.