Tundra shepu mpya au utafute ile ya V8? Jibu refu kwa kaka wa Dallas

Kaka wa Dallas swali lako nimeliona. Umesema una mke na watoto watatu, unataka kuanza kazi ya kusomba magari ya mnadani kwa tela, umepata Tundra (ile pikapu kubwa ya Toyota) ya 2023 haibridi (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme) kwa bei unayoona nzuri, kuna mtu anakwambia achana nayo katafute ya 2021 yenye V8 (injini ya silinda nane), na mwisho unauliza kama siku za mbele unaweza kuivusha Lubumbashi. Walionitangulia wamejibu kishabiki, huyu Toyota damu, yule Ford damu, hujasaidika. Mimi nipo Houston, nilikuwa na ile V8 ya 2016 nikaipiga kazi mpaka nikaiuza, sasa hivi natembelea hii shepu mpya ya 2025, toleo la SR5, milango minne, bodi ya futi 6.5, sio haibridi. Na kazi yangu haipishani sana na hiyo unayoitaka, nabeba mapipa ya watu wanaotuma mizigo nyumbani na mara nyingine navuta gari moja moja kupeleka bandarini.

Tuanze na injini maana kelele zote zipo hapo. Shepu ya zamani ilitoka 2007 ikaenda mpaka 2021, V8 ya lita 5.7, nguvu za farasi 381, haina turbo haina mbwembwe. Mwaka 2022 wakaileta hii mpya kutoka kiwandani kwao San Antonio, V8 ikafutwa kabisa, wakaweka V6 (silinda sita) ya lita 3.4 yenye turbo mbili, farasi 389. Ukisoma hapo unaona tofauti ni farasi nane, unasema sasa kelele za nini. Tofauti haipo kwenye farasi, ipo kwenye nguvu ya kuvuta. V8 ilikuwa inatoa paundi-futi 401 na ili uipate yote lazima mshale wa mizunguko ya injini upande mpaka 3,600, hii mpya inatoa 479 mshale ukiwa 2,400 tu, na haibridi inafika 583. Ukitoka San Antonio kuelekea Junction kwenye I-10, ukishapita Boerne vilima vinaanza, na V8 ukiwa na tela ilikuwa inashuka gia mbili inaanza kulia mpaka watoto wanaamka, hii mpya inapanda kimya kimya, ina gia kumi, inachagua tu inayoitaka. Kwa hiyo anayekwambia V6 haivuti huyo hajaendesha. Raha ya mlio wa V8 ndo imeondoka, hilo sibishi, na ule mlio unaousikia ukiwa ndani ya hii mpya sehemu yake unatoka kwenye spika, aisee Wajapani nao.

Sasa hofu ya injini, hii ni ya kweli na usiipuuze. Mei 2024 Toyota walitangaza kuyaita yarudi kwa matengenezo magari kama laki moja na elfu mbili, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya chuma yaliyobaki wakati wa kuchonga injini kiwandani yanaweza kuharibu bearing kuu, injini inaanza kugonga, inakosa nguvu au inazima barabarani. Dawa yao haikuwa kusafisha, waliamua kubadilisha injini nzima. Halafu Novemba 2025 wakaongeza nyingine kama 127,000, safari hii mpaka za 2024 zikaingia. Ila soma vizuri: zilizoitwa ni zile zisizo haibridi, maana haibridi injini ikigoma ile mota bado inaweza kuisogeza gari ukatoka barabarani. Kwa hiyo hiyo uliyopewa haimo kwenye orodha, lakini usichukue neno la muuzaji wala langu, chukua namba ya chesi uiingize kwenye tovuti ya NHTSA (shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani), ni bure na ni dakika moja. Na wewe unayesoma hapa unayetaka isiyo haibridi ya 2022 au 2023, omba karatasi inayoonyesha injini ilishabadilishwa, kama ilishabadilishwa mimi binafsi ningeichukua kwa furaha, umepata injini mpya kwa bei ya gari iliyotumika.

Wanaoitetea V8 wana hoja moja nzito, uvumilivu. Kuna jamaa wa Louisiana alifikisha maili milioni moja na Tundra yake ya 2007 (ile yenye V8 ndogo ya 4.7) mpaka Toyota wakaichukua wakaichunguze, wakampa mpya. Hakuna turbo, hakuna pampu za ziada, fundi yeyote anaifungua. Lakini bei ya V8 za 2020 na 2021 imechangamka kwa sababu hiyo hiyo, watu wanazigombea, utakuta yenye maili laki moja inauzwa karibu sawa na shepu mpya. Na inakunywa! Kwenye karatasi ni maili 13 mjini na 17 barabara kuu kwa galoni, na ya kwangu haikuwahi kunishangaza kwa kwenda zaidi ya hapo. Hii mpya nikiwa mtupu highway napata 20, 21. Nikifunga tela yenye gari naangukia 9 au 10, hapo turbo inaonyesha rangi zake, ukiifanyisha kazi inakunywa kama V8 tu. Haibridi nayo faida yake kubwa ipo mjini kwenye foleni, ukiwa na tela kwenye I-45 usitegemee maajabu.

Haya, sasa nije kwenye kitu ambacho hakuna aliyekigusa kwenye majibu yote niliyosoma, na kwa kazi yako ndo kitu chenyewe. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo pale pembeni kuna kibandiko cheupe na njano, kimeandikwa uzito wa watu na mizigo usizidi paundi kadhaa. Ile namba ndo gari yako. Matangazo yatakwambia Tundra inavuta paundi 12,000 na kubeba 1,940, lakini hizo ni namba za toleo moja moja lililochaguliwa, tena kila namba na toleo lake. Kibandiko cha kwangu kinasema 1,610. Rafiki yangu ana haibridi ya toleo la Limited, chake 1,385, kwa sababu betri na mota vina uzito wake na viti vya ngozi, paa la kioo na makorokoro mengine yote yanakula humo humo. Ni kama bajeti ya nyumbani, kila anayepanda anakata kwenye fungu lile lile, na tela nayo inakata.

Watu wengi wanadhani tela inajibeba yenyewe. Hapana. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela unakaa pale kwenye kishikio, juu ya mgongo wa gari lako. Twende na hesabu yako. Tela ya gari moja ni kama paundi 2,200, Camry 3,400, jumla 5,600, mgongoni inakaa kama 700. Wewe mwenyewe na msaidizi 380, vifaa, minyororo, jeki, tairi ya akiba ya tela weka 150. Unafika kama 1,230, kwenye haibridi ya 1,385 umebaki na upenyo mdogo lakini umepita. Siku ukisema acha nipite na familia nzima, watano nyie, umeshakwaruza dari. Sasa tela ya magari mawili: tela yenyewe elfu nne, magari mawili elfu saba, jumla 11,000. Mgongoni ukipiga asilimia 12 ni 1,320 kabla wewe hujapanda. Injini itaivuta, tena itaivuta vizuri tu na ndo hatari yake, utajiona uko sawa wakati nyuma pamekaa chini, taa za mbele zinamulika mitini na usukani umekuwa mwepesi.

Na hapo springi nazo zina lao. Ya zamani nyuma ilikuwa na springi za bapa kama za lori, ukiwa mtupu inakurusha kila kiungo cha daraja, ukiipakia ndo inatulia. Mpya wameweka springi za koili, na chesi ni ya familia moja na Land Cruiser 300 wanazopanda waheshimiwa kule nyumbani, kwa hiyo ukiwa na mke na watoto utafikiri uko kwenye gari ndogo, mke wangu ndo aliyeipitisha sio mimi. Lakini ukiweka mzigo mgongoni inachuchumaa mapema kuliko ya zamani. Za bei ya juu unaweza kukuta zina springi za upepo nyuma zinazoinyanyua, ila kumbuka kuinyanyua sio kuiongezea uzito wa kubeba, kibandiko kinabaki pale pale. Na usidhani V8 itakuokoa hapa, ya 2021 kwenye karatasi ilikuwa inaishia 1,730 kubeba na kama 10,200 kuvuta.

Kinachochekesha ni kwamba Hilux ya kule kwetu inapewa karibu tani moja mgongoni, na hili dude lenye urefu wa mita sita linapewa kilo 880 tena lile lililobahatika. Wamelijenga kwa ajili ya Mmarekani, kuvuta na kukaa vizuri, sio kubebeshwa nondo na mifuko ya simenti na watu kumi juu.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kazi: ukiwa na uhakika utavuta gari moja moja, hiyo haibridi inatosha, chukua kama kibandiko kinasoma 1,400 kwenda juu. Ukitaka magari mawili kwa mpigo, acha mjadala wa V6 na V8, nenda kwenye pikapu nzito kama F-250 au Ram 2500 ya dizeli hata ya miaka ya nyuma. Na jambo lingine, ukishavuta kibiashara kuvuka jimbo na uzito ulioandikwa wa gari na tela kwa pamoja umezidi paundi 10,000, unatakiwa kuwa na namba ya DOT (wizara ya usafirishaji ya Marekani) na bima ya biashara. Tundra na tela yoyote ya maana unazidi. Bima hiyo ndo itakayokutoa jasho kuliko mkopo wa gari, iulize kwanza.

Bodi ya nyuma wameipatia. Sio bati tena, ni mchanganyiko wa plastiki ngumu, mapipa nayaburuta humo na hakuna bonde wala kutu. Ila angalia urefu. Ile ya futi 5.5 ndo imejaa sokoni, na yale mapipa ya bluu ya galoni 55 yanaingia manne tu sakafuni, mawili mawili, safu ya tatu inagoma kwa inchi chache za kukera. Ya 6.5 yanaingia sita na mlango unafungwa. Mapipa sita yaliyojaa tayari umemaliza kibandiko, sawa, lakini matupu au godoro utafurahi. Gharama yake ni maegesho, kwenye apatimenti pua inachungulia nje ya mstari, majirani wana maneno.

Umeme. Houston baridi la Februari 2021 halafu kimbunga Beryl Julai 2024 vilitufundisha wengine kutamani gari linalotoa umeme. F-150 haibridi ya Ford unaweza kuipata inayotoa kilowati 7.2, friji na taa na hita vinaenda. Hiyo Tundra haibridi ya 2023 soketi yake ni wati 400, utachaji simu na laptop. Kama hilo ni muhimu kwako Ford kakushinda hapo bila ubishi.

Bei sitasema sana, kila mtu na dila wake, kuna mmoja pande za huku aliniongezea maelfu juu ya bei ya kiwanda akasema ndo soko, nikamwachia funguo zake mezani. Oili mimi namwaga kila maili 5,000 kwa sababu navuta, na kitabu chenyewe kinakutaka hivyo ukiwa mtu wa matela, usisikilize habari za elfu kumi.

Lubumbashi sasa. Kwa upande wa usukani huna shida, Kongo wanaendesha kulia na usukani wao kushoto, tofauti na Mkenya ambaye hata akiipenda hawezi, kule wanataka usukani wa kulia na isizidi miaka minane. Meli inashusha Dar, inaondoka kwa transit kupitia Tunduma. Ila ukifika nayo, nani anaijua ile betri na mota iliyokaa katikati ya injini na gia boksi? Vitu vingine vinaingiliana na Land Cruiser 300 ya petroli, lakini vile vya haibridi haviingiliani na hiyo, na kioo cha mbele au taa moja utaagiza kutoka huku huku. Migodini Katanga kwenyewe wanatumia Kruza (Land Cruiser) 79 ya dizeli. Ukimaliza kazi nayo iuze hapo hapo Texas, inashika bei, hela nunua 79.