Maswali ya wasomaji: Mbona sanamu ya mama haina baba?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nipo Tanga, nina watoto wawili nawalea mwenyewe. Binti yangu wa kidato cha pili kapewa kazi shuleni atafute sanamu ya nje aielezee darasani, akachagua Mama na Mtoto ya mmarekani mweusi Elizabeth Catlett, mama kamkumbatia mwanae basi. Jirani kaiona akasema hiyo ni sanamu ya singo maza, baba yuko wapi, unamfundisha nini mtoto? Sasa binti ameona aibu anataka abadilishe. Nimuache? Na hivi huyo Catlett aliyajua haya maisha au alichonga tu?

JIBU: Dada pole na hayo maneno, na hapana, asibadilishe.

Aliyajua sana. Catlett kazaliwa Washington 1915 baba yake akiwa ameshafariki, mama yake ndo akalea watoto watatu huku anafanya kazi ya kufuatilia wanafunzi watoro, yaani mchana yuko na watoto wa watu jioni anarudi kwa wake. Sanamu yenyewe kaichonga kwa jiwe la chokaa akisoma chuo kikuu cha Iowa, chuo kilichompokea darasani ila bweni wakamnyima kisa rangi. Mwalimu wake Grant Wood alikuwa anawaambia wanafunzi wafanye kile wanachokijua zaidi, na yeye akachagua mama mweusi na mwanae. Hapo alikuwa hajazaa bado, kwahiyo mimi naiona ni kazi ya mtoto aliyelelewa hivo, sio ya mtu anayemtazama mama kwa mbali. 1940 ikachukua zawadi ya kwanza ya uchongaji kwenye maonyesho ya watu weusi pale Chicago.

Sasa hilo la baba. Kwenye jiwe hamna kinachosema baba yupo wala hayupo, jirani kaongeza mwenyewe. Makanisa mangapi yana Maria kampakata Yesu na hamna anayeuliza Yosefu kaenda wapi, ila akichongwa mama wa kawaida tu watu wanataka cheti cha ndoa, kwakweli inaniuma.

Binti akazie hapa. Enzi za utumwa kule Marekani, tangu sheria ya Virginia ya 1662, mtoto alifuata hali ya mama yake, mama akiwa mtumwa na mtoto ni mtumwa, mali ya bwana, na bwana akitaka anamuuza mtoto sokoni au anamuuza baba na mama anabaki na wanae peke yake. Bibi zake Catlett walizaliwa utumwani, hizo habari sio za mbali kwake. Afu 1923 Catlett akiwa bado mdogo, Seneti ya Marekani ilipitisha muswada wa kujenga mjini humohumo Washington sanamu ya yaya mweusi, yule wa kulea watoto wa wazungu! Watu weusi wakapinga kwa nguvu na haikujengwa. Ukishajua hivo ndo unaelewa kwanini mama mweusi aliyemshika mtoto wake mwenyewe, kambana kifuani hamuachii, lilikuwa jambo zito.

Muda ukibaki aongeze na Augusta Savage, mchongaji mwingine mmarekani mweusi, huyo ndo mwenzio kabisa. Wa Florida, kazaa binti 1908 akiwa kigori tu, mume akafariki muda si mrefu, 1921 akaenda New York kusomea uchongaji, mtoto akabaki kwa wazazi wake. Wapo watakaomsema kwa hilo, mimi simsemi. Kazi yake kubwa, The Harp, yaani Kinubi, ilisimama kwenye maonyesho ya dunia New York 1939, ila ilikuwa ya plasta na hela ya kuitengeneza kwa shaba hakuwa nayo, maonyesho yalipoisha wakaivunja. Picha zake zipo, binti azitafute.