Usikague waya za nyumba kwa kuwasha taa tu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya umeme, nawaandikia hili kwa sababu naona wengi mkitumwa kukagua nyumba mnawasha taa, mnachomeka chaji ya simu, ikiingia mnasema nyumba iko poa. Taa inawaka hata kwenye nyumba itakayoua mtu kesho.

Mi naanza na wanaoishi humo. Kuna nyumba ya kupanga huku Mbagala, nikamsalimia mama shikamoo, nikamuuliza kuna mahali panapiga shoti? Akasema hapana mwanangu, ila ukienda kuoga vaa ndala. Yaani wameshazoea, hadi watoto wanajua lile bomba linatekenya! Nikazima meni swichi, nikajaribu testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwanza kwenye nyaya za mita zenye moto kuhakikisha inafanya kazi ndo nikapima kwenye shawa ya umeme ya bafuni kuona kama moto umekatika kweli, nikafungua, nakuta waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekunjwa umezungushiwa tepu, haujaungwa popote. Natoka nje, fimbo ya ethi iliyochomekwa ardhini ipo ila waya wake wa kopa umekatwa, watu walishauza skrepa. Sasa hapo hata ningeunga bafuni ni kazi bure, nyumba nzima haina ethi. Kwa hiyo fimbo ya nje kaiangalie kwa macho yako, usikubali kuambiwa ipo.

Kwenye soketi testa haitoshi, inakuonyesha laini tu, yaani waya wenye moto. Tumia mita ya mkononi ya kupimia volti, laini na nyutro (waya wa kurudisha umeme) isome kama volti 230, laini na ethi karibu hivyo hivyo, nyutro na ethi karibu sifuri. Laini na ethi ikisoma namba inayoelea, mara 60 mara 90, ethi imekatika njiani.

Halafu breka, ile swichi ya kwenye boksi inayojikata umeme ukizidi. Hili linanitisha kuliko yote maana tunalifanya wenyewe mafundi. Breka ya taa inajikata kila siku, fundi anaitwa, anatoa ya ampia 10 anaweka ya 32, mwenye nyumba anafurahi haikati tena, kumbe waya ni ule ule mwembamba wa milimita za mraba 1.5 na mtu kaunga shawa ya wati 5000 humo humo, hiyo inavuta karibu ampia 22, waya unachemka ndani ya ukuta na breka imetulia. Fungua boksi, soma namba ya breka, angalia unene wa waya unaotoka, usiondoke bila kufanya hivyo.

Soketi yenye doa la kahawia au harufu ya plastiki iliyoungua, fungua. Darini tafuta jointi za kusokota na waya zilizotafunwa na panya.

Yule mama nilimkatia shawa siku ile ile, akanuna, akawa anachemsha maji kwenye mkaa mpaka mwenye nyumba aliponunua waya mpya. Nikaunga, nikapima, nikamwambia sasa oga bila ndala. Bado aligusa bomba kwanza kwa kidole kimoja.