Penseli iliyochora kichwa chini

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Ni ustadi gani wa mtu mashuhuri unaokuvutia kuliko wote?" Jibu langu ni kuchora ramani ya nyumba kichwa chini miguu juu. Aliyeuweza ni Paul R. Williams, msanifu majengo wa Los Angeles, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1980. Niseme mapema kwamba ustadi huo unanivutia na kunikera kwa pamoja.

Msanifu anapozungumza na mteja, ni rahisi zaidi wakiketi upande mmoja wa meza, bega kwa bega, wote wakiitazama karatasi. Williams alikuwa mtu mweusi. Wateja wake wengi walikuwa wazungu matajiri, na wapo ambao wasingestahimili ukaribu huo. Basi akajizoeza kuchora akiwa ng'ambo ya meza. Mteja akisema anataka sebule ielekee bustani, sebule inachomoza palepale mbele ya macho yake, imekaa sawasawa, huku mchoraji mwenyewe akiiona imepinduka. Nimejaribu. Nilichora nyumba ya mlango mmoja na madirisha mawili kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele yangu, ikatoka kama imepitiwa na tetemeko.

Watu husimulia habari hii kama mazingaombwe. Mimi naiona kama kodi ambayo wenzake hawakutozwa. Na haikuwa peke yake: alipokagua ujenzi alizoea kufunga mikono nyuma, ili asiyetaka kumpa mkono asitahayari. Kijana huyu aliyefiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo sana alishaambiwa na mwalimu wake kwamba wazungu hawatampa kazi na weusi hawana pesa za kumpa. Mwaka 1921 alipata leseni, na 1923 akawa mweusi wa kwanza kukubaliwa katika Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani.

Kasi nayo ilikuwa sehemu ya kodi hiyo. Tajiri wa magari, E. L. Cord, alitaka jumba huko Beverly Hills, na wasanifu wengine walikuwa wameomba wiki kadhaa za kuandaa michoro ya awali. Williams akasema ataileta kesho yake saa kumi alasiri. Akakesha juu ya karatasi, saa 22 bila kulala, na kazi akaipata. Wakafuata wengine, wakiwemo mchekeshaji Lucille Ball na mwimbaji Frank Sinatra. Kwa jumla alisanifu majengo zaidi ya 2,000, mengi yakiwa nyumba za kuishi. Ngazi zake za kupinda zilisifika mno. Zinapanda taratibu kama utepe, na hata mimi nisiyependa majumba makubwa huzitazama kwenye picha nikasahau kufungua ukurasa unaofuata.

Lakini hati za viwanja katika mitaa mingi ya matajiri aliokuwa akiwajengea zilikuwa na sharti: asiyekuwa mzungu asiishi hapo, labda awe mtumishi. Mwaka 1937 Williams aliandika katika jarida moja kwamba mchana alichora jumba la kifahari, jioni akarudi kwenye nyumba yake ndogo, katika sehemu isiyopendwa sana ya jiji, ingawa uwezo wa kuishi kule anakojenga alikuwa nao. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizizuia mahakama kutekeleza masharti hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akajijengea nyumba yake, mtaa wa Lafayette Square, Los Angeles.

Wanaomsifu huishia kwa mastaa wa filamu. Mimi nazipenda zaidi nyumba zake ndogo. Mwaka 1945 na 1946 alitoa vitabu viwili vya ramani za nyumba za watu wa kipato cha kawaida, na huko Las Vegas alisanifu mtaa wa Berkley Square, nyumba 148 zilizojengwa kwa ajili ya familia za weusi waliofungiwa milango kwingineko. Jumba la tajiri likikosewa kuna vyumba vingine vya kukimbilia. Nyumba ya vyumba vitatu haina pa kuficha kosa.

Nishani ya dhahabu ya taasisi ile ya wasanifu ilimfikia mwaka 2017, miaka 37 kaburini. Kabla ya hapo, benki iliyotunza baadhi ya kumbukumbu zake iliteketea katika machafuko ya Los Angeles ya 1992, na wengi wakaamini michoro yake yote imekwisha. Kumbe mjukuu wake alikuwa ameihifadhi sehemu kubwa. Mwaka 2020 ilichukuliwa na Taasisi ya Utafiti ya Getty pamoja na Chuo Kikuu cha Southern California, alikosoma. Ni maelfu kwa maelfu ya karatasi, na hata kama imo aliyoichora kichwa chini, hutaitambua: mistari imenyooka, sebule inatazama bustani.