Kutoonekana peke yake hakutoshi chini ya maji

Umeuliza kama mhusika asiyeonekana kwa uchawi anaweza kuogelea mbele ya dubwana la baharini bila kushtukiwa. Kwa kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons toleo la 5 (2014), inategemea dubwana lenyewe linatambua vitu kwa njia gani. Abolethi, dubwana lenye umbo la samaki, uwezo wake wa pekee wa macho ni kuona gizani hadi futi 120, kwa hiyo uchawi wako utamzuga macho. Lakini kutoonekana si kujificha: akikusikia ukipiga maji, anajua ulipo. Krakeni, dubwana jitu lenye minyiri, msahau kabisa, macho yake hupenya uchawi hadi futi 120.

Papa ndio patamu. Papa mwindaji hutambua kilicho karibu bila kutumia macho ndani ya futi 30, papa jitu futi 60, na hapo kutoonekana hakukusaidii kitu. Wala si uongo mtupu, maana papa halisi huhisi mtikisiko wa maji na hata umeme hafifu wa mwili wa windo. Nyangumi muuaji hufika futi 120, ila kwa mwangwi, na hapo ndipo pa kumpatia: akiwa kiziwi, uwezo huo hana. Uchawi wa ukimya ukimfunika mzima, amekwisha, mpaka atoke kwenye duara la uchawi huo, kwani halimfuati.

Nikiendesha mchezo huongeza jambo lisilomo kwenye kanuni: anayevuja damu hunuswa kutoka mbali zaidi. Wachezaji hunung'unika, lakini siku hizi wanabeba bandeji.