Kuzima TalkBack kwenye simu ya mama

Ndugu, simu ya mama yako huko Mbale, inayosoma kila kinachoguswa na kukataa kufunguka, haijaharibika, wala hakuna haja ya kumlipa fundi aifute yote. Iliyowaka ni TalkBack, programu ya Android inayowasomea skrini watu wasioona, na huenda vitufe viwili vya sauti vilibanwa pamoja mkobani. Mwambie avibonyeze tena vyote viwili kwa pamoja na kuvishikilia kwa sekunde 3 hivi. Mara nyingi hiyo yatosha.

Ikishindikana, ajue kwamba programu hii ikiwa imewaka, mguso mmoja huchagua kitu na kukitaja tu, na ni kugusa mara mbili upesi ndiko kunakofungua, hata kwa kila tarakimu ya namba ya siri, ilhali ukurasa husogezwa kwa vidole viwili. Kwa subira hiyo aingie Mipangilio, kisha Ufikivu, aichague TalkBack na kuizima.

Humo humo ondoeni njia ya mkato ya vitufe vya sauti, ila kama simu hiyo hutumiwa pia na mtu asiyeona, iacheni, kwa sababu ndiyo inayomwezesha kuiwasha mwenyewe bila kuomba msaada.