Uliandika "nguo", na ndani kulikuwa na kamera

SWALI

Asalaam aleikum wakili. Mimi ni mpiga picha wa arusi, nakaa Kisauni. Mwezi uliopita niliuza kamera yangu ya zamani, Canon, pamoja na lenzi mbili, kwa kijana wa Eldoret tuliyejuana mtandaoni. Alinitumia shilingi 52,000 kwa M-Pesa, zote kwa mpigo, akaniambia nimpakilie kwa basi la usiku. Nikapeleka ofisi ya basi ya Mwembe Tayari, Mombasa, jioni, nikapewa risiti. Mzigo haukufika. Ofisi ya Eldoret wasema hawajauona, wa hapa wasema uliondoka. Sasa kijana ataka pesa zake, nami nishazitia kwenye kamera nyengine. Rafiki yangu mmoja aniambia nikishakabidhi mzigo kwa basi si juu yangu tena. Mwengine aniambia muuzaji ndiye hulipa siku zote. Yupi asema kweli? Jambo jengine, kwenye risiti niliandika "nguo", thamani 1,000, kwa sababu niliambiwa vifaa vya umeme hutozwa zaidi na tena huibwa. Je, hilo lina neno? Na nimbloki huyu kijana, maana apiga simu usiku na mchana?

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Kesi yako yote umeichomeka mwishoni, kama mpishi anayekumbuka chumvi chakula kishapakuliwa. Lina neno, tena kubwa. Wiki hii pekee wewe ni wa tatu kuniletea risiti iliyoandikwa "nguo". Mmoja alikuwa na simu ndani, mwengine vipodozi vya dukani kwake.

Nianze na rafiki zako ili tuwamalize. Yule wa kwanza amekaribia ukweli kuliko mwenzake. Mauziano yenu yanatawaliwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, mtoto wa ile ya Uingereza ya 1893. Inasema, kama hamkupatana vingine, hatari ya kitu humfuata mwenye kitu. Na kitu maalumu, kinachojulikana ni hiki hapa, kilicho tayari kutolewa, huwa cha mnunuzi tangu pale mnapopatana, hata kama pesa hazijalipwa wala kitu hakijaondoka nyumbani kwako. Kamera yako ilikuwa moja, kijana aliiona kwenye picha, mkakubaliana bei. Kwa hiyo ilikuwa yake kabla hujatafuta boksi. Tena sheria hiyo hiyo inasema kwamba muuzaji akiagizwa kupeleka kitu kwa msafirishaji, kumkabidhi msafirishaji huchukuliwa kwa kawaida kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Yeye mwenyewe alikwambia upakie kwa basi. Mpaka hapo ungeweza kulala usingizi.

Wa pili ameokota maneno ya kwingine. Masoko makubwa ya mtandaoni yana utaratibu wao wa kumlinda mnunuzi, na huo ni mkataba wa soko lile, haukufuati mpaka Kisauni. Uingereza nako wana sheria ya 2015 inayomwachia muuzaji hatari mpaka mnunuzi ashike kitu mkononi, lakini hata huko anayebanwa ni mfanyabiashara, si mtu aliyeuza kamera yake aliyoichoka. Sisi hapa tuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, nayo pia inamwangalia mtu ambaye kuuza ndiyo kazi yake. (Na nyinyi mnaouza simu thelathini kwa mwezi kwenye Facebook, kila moja ikiandikwa "naiuza kwa shida tu", msijifiche nyuma ya sentensi hii. Nyinyi ni maduka yasiyo na mlango.)

Sasa kamba yako inakokatikia. Sheria hiyo hiyo inayokulinda imekuwekea sharti: ukimkabidhi msafirishaji kwa niaba ya mnunuzi, ufanye naye mkataba unaolingana na aina ya kitu chenyewe na hali ilivyo. Usipofanya hivyo na kitu kikapotea njiani, mnunuzi ana haki ya kukataa kwamba kumpa msafirishaji kulikuwa ni kumpa yeye, au akudai wewe fidia. Kamera ya shilingi 52,000 iliyosafirishwa kama nguo za 1,000, je, huo ni mkataba unaolingana na kitu chenyewe? Mimi ningekuwa wakili wa yule kijana ningeuliza swali hilo moja tu, nikakaa chini.

Wenzangu, na hapa nasema na wote wanaosoma, sielewi hii "andika nguo" ilianzia wapi. Nimesimama pale Mwembe Tayari nikitazama. Karani ana kitabu cha risiti chenye kaboni katikati, biro imefungwa kwa uzi mezani. Hainui hata uso. "Nini ndani?" Dada aliye mbele yangu, boksi la viatu limezungushwa gundi mpaka halionekani rangi, ajibu, "Nguo." "Thamani?" Kimya kidogo. "Andika elfu." Biro yapita, nakala ya juu yachanwa, yeye apewa, na boksi larushwa, narudia, larushwa, juu ya gunia la nazi, na juu yake laja tairi la pikipiki. Karani hana makosa. Nguo hazivunjiki. Angeambiwa ni kamera, pengine angeitia kwenye kabati la nyuma lenye kufuli, angemsainisha anayepokea mzigo kwenye basi, angetoza mia kadhaa zaidi. Hizo mia kadhaa ndizo ulizookoa.

Halafu ati kuandika nguo kwamzuia mwizi! Mwizi wa mizigo hasomi risiti, hupima kwa mkono. Boksi la viatu lenye uzito wa kilo tatu, ukilitikisa halitoi sauti kwa sababu limejazwa kanga pembeni, hilo kila mpakiaji anajua lina nini. Uliyemficha ni karani, mtu ambaye siku ya matata ndiye ungemtaka akuandikie kwamba alipokea kamera. Na mshauri wako mkuu wa jambo hili aghalabu ni mtu wa bodaboda, au yule kijana anayebeba mizigo kutoka barabarani mpaka dirishani kwa shilingi hamsini. Kamera ikipotea hutamwona mahakamani.

Kwa upande wa basi, tazama nyuma ya risiti. Wengi huchapisha hapo kwamba fidia haizidi thamani iliyotajwa, na kwamba madai yaletwe ndani ya siku chache. Masharti ya maandishi madogo yanaweza kubishaniwa kama hukuonyeshwa kabla ya kulipa, nami nimeyabisha mara kadhaa. Lakini ile "1,000" haikuchapishwa na kampuni. Ni jibu lako mwenyewe. Ukienda kudai 52,000 utakuwa unaiomba mahakama ikuamini leo kwa kusema kwamba ulidanganya juzi, na kampuni inaweza kushikilia kwamba kwa uongo huo huidai hata hiyo elfu.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi. Wanabandika kwenye tangazo, "Mzigo ukitoka mkononi mwangu si juu yangu." Maneno hayo yana nguvu kama mnunuzi aliyaona na kuyakubali kabla ya kutuma pesa; ukimtumia baada ya kulipwa ni kelele. Hata akiyakubali, si rahisi yakufunike kwa kosa ulilolitenda wewe dirishani. Na kinyume chake, muuzaji anayemwandikia mnunuzi "usijali kaka, isipofika narudisha pesa" amejitwika hatari yote kwa mkono wake, na hakuna Sura ya 31 itakayomtua. Fungua WhatsApp yako usome tena ulichomwandikia yule kijana kabla hujafanya lolote. Wengine hunijia wakisema hawakuandikiana chochote, kumbe wana kurasa arobaini za mazungumzo. Hata kama hakuna maandishi, pesa alizotuma kwa M-Pesa zatosha kuwa ushahidi kwamba mauziano yalikuwapo.

Kuna kundi jengine linalonichosha zaidi ya hilo la "nguo". Mzigo ukipotea tu, na mwenye mzigo akaulizia kwenye makundi ya mtandaoni, hutokea "mtu wa ndani" ambaye kwa elfu tano atauona mzigo ofisini. Hauoni. Hutokea pia kibanda cha kuchapa kinachouza "barua ya wakili" kwa 1,500, yenye mhuri mwekundu na Kilatini kilichokosewa, ikitishia kampuni jela ndani ya saa 24. Nimewahi kuletewa moja ambayo jina la kampuni iliyotishiwa lilikuwa la kesi ya mteja mwengine, walisahau kulibadilisha. Barua kama hiyo huwachekesha wanasheria wa kampuni, halafu hutiwa kwenye faili ili siku ya kesi waonyeshe kwamba ulidai vitu viwili tofauti kwa tarehe mbili tofauti. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamwadhibu asiye wakili anayejifanya wakili, na jina la wakili wa kweli hutafutwa kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya kwa dakika moja. Polisi nao hawakusanyi madeni. Nenda kituoni uripoti mzigo kupotea au kuibwa, upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwa sababu wizi ni jinai na namba hiyo itakufaa. Usiende ukiomba wamkamate karani mpaka alipe.

Basi ufanye nini? Leo, wala si kesho, iandikie kampuni barua. Taja namba ya risiti, tarehe, saa, basi lenyewe kama unalijua, na uwaombe orodha ya mizigo ya safari ile. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Sema ukweli wa kilichokuwa ndani. Najua unauma. Lakini uongo huo ukitajwa kwanza na wewe, hautakuwa na uzito wa ule utakaofichuliwa na wao. Mwombe kijana naye aende ofisi ya Eldoret aandikiwe kwamba mzigo haukupokelewa. Hilo ni kwa faida yenu nyote.

Halafu tafuta namba iliyochongwa chini ya kamera. Kama umetupa boksi la asili, usikate tamaa. Wewe ni mpiga picha: kamera za Canon aghalabu huitia namba hiyo ndani ya taarifa za kila picha zinayopiga. Fungua faili ya arusi yoyote ya zamani kwenye kompyuta, ile halisi iliyotoka kwenye kadi, si iliyopita WhatsApp, maana WhatsApp huzifuta taarifa hizo. Namba hiyo ipe polisi, wape na mafundi wa kamera unaowajua Mombasa na Nairobi. Kamera iliyoibwa lazima iuzwe kwa mtu, na huyo mtu mara nyingi atahitaji fundi.

Kuhusu zile 52,000, nakushauri upatane na kijana. Kisheria ana hoja nzuri dhidi yako, na hoja yako dhidi ya basi ni mbovu, kwa hiyo usimfanye asubiri basi ndipo umlipe. Mpendekezee malipo ya awamu, myaandike, mweke sahihi hata kama ni kwa picha ya karatasi. Yeye pia si msafi kabisa: alichagua kusafirisha kwa basi, na kama alijua utaandika nguo ili nauli ipungue, kosa ni lenu wawili na hapo pana nafasi ya kugawana hasara. Soma tena mazungumzo yenu. Kama aliandika "andika tu nguo dada, itapita", nipigie ofisini kabla hujamlipa hata shilingi.

Mkishindwana, Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili (naandika haya nikijua najinyima kazi), sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60, na hawabani kanuni za ushahidi kama mahakama nyengine, kwa hiyo skrinishoti zako zitapokelewa. Yeye anaweza kukushtaki huko, nawe unaweza kuishtaki kampuni huko. Sheria ya ukomo inakupa miaka sita kwa madai ya mkataba, lakini zile siku chache za nyuma ya risiti zishaanza kuhesabika, na mwezi ushapita.

Kumbloki, la. Mnunuzi aliyelipa kisha akazuiwa simu haoni tena mzigo uliopotea, anaona utapeli, na ataandika hivyo kituo cha polisi cha Eldoret. Mjibu leo kwa maandishi. Mwambie umeandikia kampuni, mtumie picha ya nakala yenye mhuri, na umwombe asipige baada ya saa tatu usiku.